Kumchua farasi aliyekaza misuli: mkono mwepesi, kisha ondoka

Wanaoanza kazi hii hudhani farasi, kwa kuwa ana kilo 500 hivi, anahitaji kukandamizwa kwa kiwiko. Lakini nzi akitua ubavuni mwake, anamhisi na kumfukuza kwa kutikisa ngozi ya pale pale tu. Mnyama wa namna hiyo ukimbana, naye anakaza misuli.

1. Hakikisha kazi ni yako. Farasi aliyetulia moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, hupumua mara 8 hadi 16, na joto lake ni nyuzi 37.5 hadi 38.5 za Selsiasi. Akiwa na homa, jeraha, uvimbe wenye joto, au ameanza kuchechemea ghafla, mwite daktari wa mifugo. Wa kuogopwa zaidi ni yule aliyekakamaa nyuma baada ya kazi, jasho linamtoka, hataki kusogea, na mkojo wake umegeuka rangi ya kahawa. Misuli yake inaharibika kwa ndani. Usimchue wala usimtembeze. Abaki alipo mpaka daktari afike. Niliwahi kumtembeza mmoja nikidhani ni uchovu tu, na sikusahau.

2. Mtazame akitembea. Mahali tambarare, mwenzako ashike kamba, nawe simama nyuma kwa mbali. Nyonga ipi inapanda zaidi? Mguu upi unapiga hatua fupi?

3. Pitisha kiganja. Asifungwe, mwenzako amshike kamba ikiwa legevu, aweze kusogea akitaka. Anza shingoni karibu na bega, si usoni, ushuke hadi nyonga. Unatafuta joto, ugumu, au mahali anaposhtuka. Kishungi cha nywele nyeupe chini ya tandiko, kwa farasi wa rangi nyingine, mara nyingi ni kumbukumbu ya tandiko lililombana.

4. Vusha msuli. Kila upande wa uti wa mgongo kuna msuli mrefu. Mfupa wenyewe usiuguse. Weka ncha za vidole juu ya msuli, vuta ngozi taratibu mpaka ulegevu wake uishe, ngoja pumzi moja, kisha vusha vidole juu ya msuli pamoja na ngozi hiyo, bila kuteleza. Nguvu kiasi gani? Fumba jicho, gusa kope lako. Kile ambacho jicho linavumilia bila kero kinatosha kuanzia. Fanya misogeo mitatu au minne, ukiachanisha kwa upana wa kiganja.

5. Sasa ondoka. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, maana mwenye farasi anakutazama na unaona haya kusimama bure. Rudi nyuma hatua kadhaa, mwachie dakika mbili au zaidi. Tom Bowen, mtabibu wa mikono wa Geelong, Australia, aliyeanzisha njia hii na kufariki mwaka 1982, alikuwa akiwaacha wagonjwa wake peke yao kati ya misogeo. Yeye anajulikana kwa kutibu watu; waliokuja baadaye ndio walioileta njia yake kwa farasi.

Katika kimya hicho farasi anajibu. Akishusha kichwa, akilamba midomo, akitafuna hewa au kupiga miayo, endelea upande wa pili. Akilaza masikio nyuma, akipunga mkia au kugeuka kutaka kuuma, punguza nguvu au hamia mbali na pale. Jihadhari pia na aliyetulia kupita kiasi: macho yamekodoka, pumzi imezuiwa. Huyo hajalegea, anavumilia tu.

6. Nyonga na paja. Simama ubavuni, umegusana naye, mkono mmoja ubaki juu ya nyonga. Teke la karibu linakusukuma. La umbali wa mkono linavunja mfupa. Misogeo ni ile ile, michache zaidi.

7. Baada ya hapo. Dakika 40 kwa jumla zinatosha. Mtembeze polepole dakika 10, mpe maji, asipandwe siku hiyo wala kesho yake. Rudia baada ya wiki.

Mgongo ukikaza tena pale pale baada ya mara tatu, usiniite mimi. Mwite daktari amtazame meno na miguu, fundi wa kwato akague zilivyokatwa, na tandiko lipimwe likiwa juu ya mgongo wake.