Kuchagua kisiwa cha kuzamia ukitokea Arusha au Moshi

Wengi huchagua kisiwa kwa picha ya mchanga mweupe na mnazi ulioinama. Picha haisemi upepo wa mwezi huo unavuma kutoka wapi, maji yanapwa saa ngapi, wala utarudi nyumbani kwa njia gani. Kwa anayetaka kulala ufukweni tu, makosa hayo huishia kwenye uchovu na pesa kupotea. Kwa anayetaka kuzamia na mtungi wa hewa, kosa la njia ya kurudi linaweza kumlaza hospitali. Ndiyo maana mtu wa Arusha au Moshi apange safari yake kuanzia siku ya mwisho, arudi nyuma mpaka siku ya kwanza.

Siku ya kurudi

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi kati ya mita 800 na 900. Mzamiaji anapovuta hewa akiwa mita 18 chini, mwili wake uko kwenye mgandamizo wa karibu baa 2.8, yaani karibu mara tatu ya ule wa juu ya maji pwani, na naitrojeni nyingi kuliko kawaida huyeyuka kwenye damu na nyama. Akipanda juu taratibu, gesi hiyo hutoka kidogo kidogo kwa pumzi. Mgandamizo ukishuka ghafla kabla haijaisha, hugeuka mapovu ndani ya mwili: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na ikizidi, kupooza.

Wengi wamesikia kwamba hairuhusiwi kupanda ndege mara baada ya kuzamia. Wasiloambiwa ni kwamba barabara nayo hupandisha. Mwongozo unaofuatwa na wazamiaji duniani unahusu mwinuko wowote kuanzia kama mita 600, kwa hiyo basi la Dar kwenda Arusha limo. Ukishapita Korogwe na kuikaribia Same umeshaingia kwenye mwinuko huo, na Arusha mgandamizo wa hewa ni karibu baa 0.85 badala ya baa 1 ya pwani. Anayekatiza kwenda Lushoto kutembelea ndugu naye amepanda.

Kiwango cha chini ni hiki: saa 12 baada ya mzamo mmoja usiokulazimu kusimama njiani unapopanda ili gesi ipungue, na saa 18 baada ya mizamo kadhaa au ya siku kadhaa. Sisi tunashauri saa 24 kamili kwa yeyote atakayepanda ndege ndogo inayotua Kisongo. Ndege hizo za viti kama kumi na mbili hazijazwi mgandamizo ndani kama ndege kubwa za KIA, na zinaweza kupaa mita 3,000. Ndani ya ndege kubwa mwili huhisi kama uko mita 2,400 au chini ya hapo.

Tuseme mzamo wa mwisho umekwisha Ijumaa saa 6 mchana. Saa 18 zinatimia Jumamosi saa 12 asubuhi, na saa 24 zinatimia Jumamosi saa 6 mchana. Anayerudi kwa boti mpaka Dar halafu akalala Dar ana nafuu, kwa sababu muda wote wa baharini na usiku wa Dar unahesabika kama mapumziko. Katika safari ya siku tano, basi, siku za kuzamia ni tatu tu, ya pili mpaka ya nne, na hiyo ya nne zamia asubuhi peke yake. Ya tano ni ya Mji Mkongwe au ya kulala mchangani. Kituo cha kuzamia kikikuuzia kifurushi chenye mzamo wa asubuhi ya siku ya kuondoka, kikatae hata kama ni cha bei nafuu.

Kwa waongoza wageni: mlima kwanza, bahari baadaye. Aliyeshuka Kibo anaweza kuzamia, lakini apumzike kwanza siku moja au mbili na anywe maji mengi. Hushuka na makamasi na kikohozi, na pua iliyoziba haisawazishi masikio. Ngoma ya sikio huweza kupasuka ndani ya mita chache za kwanza. Muulize pia kama bado anameza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Dawa hiyo huleta kuwashwa na ganzi ya vidole, dalili zinazofanana na za mapovu, na mkufunzi atashindwa kujua alama ni ya nini. Anayetaka bahari kabla ya mlima akumbuke kwamba hata lango la Marangu liko karibu mita 1,900, kwa hiyo zile saa 24 zimalizike kabla hajaondoka pwani.

Mwezi wako una upepo gani

Shule zikifungwa Juni, kusi imeshika. Huu ndio upepo mkali wa mwaka, kuanzia Mei mpaka Septemba hivi, na hupiga pwani za kusini na mashariki. Maji hupoa mpaka kama nyuzi 25. Suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 3 inatosha mzamo wa kwanza, lakini wa pili utatetemeka kama u mwembamba, kwa hiyo omba ya milimita 5. Wakati wa kusi tafuta upande uliokingwa: Nungwi na Kendwa kaskazini mwa Unguja, miamba ya mbele ya Mji Mkongwe, upande wa magharibi wa Pemba, au ndani ya ghuba ya Chole kule Mafia.

Likizo ya Desemba huangukia mwanzo wa kaskazi, ambayo ni tulivu zaidi ingawa huchafua fukwe za kaskazini siku kadhaa. Maji hufika nyuzi 28 au 29. Kati ya pepo hizo mbili kuna majira ya tangambili, bahari inapolala. Anayeweza kuchagua mwezi bila kubanwa na shule achague Oktoba, Novemba mwanzoni au Februari mpaka mwanzo wa Machi, kwa kuwa ndipo maji huwa safi zaidi. Aprili na Mei waachie masika: mito hutapika matope na hoteli nyingi za visiwani hufunga kwa matengenezo.

Upepo ukishaujua, tazama mwezi mwandamo. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua. Maji hupanda na kushuka hadi karibu mita 4, na mkondo huwa mkali. Kule Unguja, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na hujaa karibu saa 10 jioni. Aliyelipia hoteli Paje, Jambiani au Bwejuu siku hizo atafungua dirisha asubuhi aone bahari imekimbia karibu kilomita nzima, na mbele yake ni mashamba ya mwani na miamba yenye viumbe wa miiba myeusi. Si ubaya wa Paje. Ni tarehe mbaya kwa anayetaka kuogelea asubuhi. Nungwi na Kendwa ufuko ni wa kina zaidi, na unaogelea karibu saa zote. Anayejifunza kuzamia aende siku za maji mafu, wiki moja baada ya bamvua, mkondo unapokuwa mdogo.

Visiwa vyenyewe

Unguja ndiyo jibu kwa anayezamia kwa mara ya kwanza, au aliye na familia ambayo nusu yake haizamii. Ndege za moja kwa moja zipo kutoka KIA, na vituo vya kuzamia ni vingi kiasi cha kuweza kulinganisha. Kaskazini mashariki kuna miamba ya Mnemba: kasa, pomboo, makundi ya samaki, mara nyingi ndani ya mita 20. Kisiwa chenyewe ni hoteli binafsi na hushuki. Boti huzunguka miamba tu. Shida yake ni msongamano: katikati ya asubuhi boti hujazana. Omba kuondoka mapema, saa 1 asubuhi, au lala Matemwe iliyo jirani badala ya kusafiri kutoka Nungwi. Kwa mwanafunzi, mbele ya Mji Mkongwe kuna mabaki ya Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyozama 1902, kwenye kina cha kama mita 12. Leven Bank, kaskazini mwa Nungwi, waachie wazoefu. Kule mkondo hauna huruma.

Chumbe, karibu na Mji Mkongwe, ni hifadhi ya matumbawe ambako utaogelea juu juu kwa miwani na mrija, mtungi hauruhusiwi. Kwa watoto ni pazuri kuliko Mnemba.

Pemba ni ya mzamiaji aliyekwisha kuiva. Mlango wa bahari kati yake na bara una kina cha mamia ya mita, na matumbawe huporomoka ghafla kama ukuta. Hapo mtu hupeperushwa na mkondo pembeni mwa ukuta, boti ikimfuata juu. Bila cheti cha pili cha mita 30, na mizamo angalau ishirini au thelathini nyuma yako, utatumia hewa kwa hofu badala ya kutazama. Kila mzamiaji, si mkufunzi peke yake, awe na boya la ishara la kupuliza. Kwa kuanza, upande wa magharibi kwenye Misali ni mtulivu. Ufuko mzuri upo, Vumawimbi kwa mfano karibu na msitu wa Ngezi, lakini usiende Pemba kwa ajili ya mchanga.

Mafia hatuchoki kuisifu, ila kwa sharti moja: usiidhanie kuwa Nungwi. Utende kuna mikoko na ufuko mdogo unaomezwa na maji yakijaa. Utajiri uko chini. Hifadhi yake ya bahari ni ya kwanza Tanzania, tangu 1995, na ndani ya ghuba ya Chole unaweza kuzamia hata kusi ikivuma. Kinasi, lango la ghuba, huzamiwa maji yanapoingia, kwa sababu ndipo maji safi ya bahari kuu huletwa ndani. Maji yakitoka, huwa na tope na mkondo wa kukutoa nje. Nje ya ghuba huendeka zaidi Oktoba mpaka Machi. Upande wa Kilindoni, Oktoba mpaka Februari, hupatikana potwe, papa mkubwa mwenye madoa asiyeuma mtu. Unaogelea naye kwa miwani na mrija bila mtungi, kwa umbali wa mita kadhaa, bila kumgusa. Mafia huendewa kwa ndege ndogo kutoka Dar au boti kutoka bandari ya Nyamisati, bara, kwa hiyo ongeza siku moja ya akiba.

Aliyebanwa na siku tatu tu na gari lake aende Pangani. Tuta la mchanga la Maziwe hufunikwa kabisa maji yakijaa, kwa hiyo nahodha hupanga saa kwa kufuata maji. Ogelea kwa miwani na mrija, kisha unaweza kurudi Moshi jioni ile ile, kwani bila mtungi hakuna naitrojeni ya kusubiri.

Kabla hujalipa

Kozi ya mwanzo hukupa cheti cha mita 18, huchukua siku tatu au nne na hudai mizamo minne baharini. Masomo ya nadharia yafanyie nyumbani kwa intaneti, usiyapeleke kisiwani yakale siku zako. Jipime pia kwenye bwawa la hapa hapa Arusha au Moshi: mita 200 bila kusimama, yaani mara nane kwenye bwawa la mita 25, kisha kuelea dakika 10. Anayeshindwa hapa atashindwa kule. Jaza fomu ya afya kwa ukweli. Pumu, moyo, mimba na upasuaji wa karibuni vinahitaji daktari kabla ya safari, maana kisiwani mkufunzi hana njia ila kukukatalia, na pesa ya ndege imekwisha kwenda.

Kwa kituo, uliza mwalimu mmoja atabeba wanafunzi wangapi. Wanne wanatosha. Uliza kama boti ina mtungi wa oksijeni na redio, na mgonjwa wa mapovu hupelekwa chumba gani cha mgandamizo. Asiyejibu swali hilo papo hapo hajalifikiria. Bei iandikwe ikiwa na ada ya hifadhi, boti na vifaa, kwani ada huongezwa kimya kimya mwishoni. Mtanzania aende na kitambulisho cha taifa, kwa kuwa kwenye hifadhi hulipa kiwango chake.

Mzigo wa ndege ndogo kwa kawaida ni kilo 15 pamoja na wa mkononi, tena kwenye begi laini. Beba miwani yako inayokukaa vizuri usoni na kompyuta ya kuzamia ya kuvaa mkononi kama unayo. Vingine azima.

Ukipewa mtungi, uwe karibu na baa 200. Vuta pumzi tatu kwenye regyuleta, kifaa cha kuvutia hewa kwa mdomo, huku ukitazama geji ya mgandamizo. Mshale ukicheza kwa kila pumzi, valvu haijafunguliwa yote. Rudisha mtungi kwa msaidizi. Hewa ikinuka mafuta au moshi, kompresa, mashine ya kujaza mitungi, imevuta moshi wa injini, na mtungi huo usiuzamie hata mita 5. Chini ya maji mwambie mwenzako ukifika baa 100, na uwe juu ya maji ukiwa bado na baa 50, baada ya kusimama dakika 3 kwenye mita 5.