SOMO: Kujifua kwa mbio ukiwa Australia ya mashambani na kazi yako ni ya shifti

Wakuu salama? Kuna vijana kama watano wamefika huku miezi hii, kila mmoja ananivuta pembeni kuniuliza kitu kilekile, kaka unakimbiaje na ile kazi, basi nimeona nishushe somo niwajibu wote kwa mpigo. Mimi siyo kocha na sijawahi kulipwa hata dola kumi kwa kukimbia, ni mkimbiaji wa kawaida tu, km 10 naenda dakika 39 na sekunde zake siku nikiwa nimelala vizuri. Nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, sa hivi niko Shepparton jimbo la Victoria, kama km 180 kaskazini mwa Melbourne, mji wa matunda, ukitoka katikati dakika tano kwa gari tayari uko kwenye mapeasi, na Wakongo tupo wengi tangu familia za kwanza zilipoletwa 2005. Kazi yangu ni shedi ya kupakia matunda, saa 12 asubuhi nimesimama kwenye mkanda mpaka saa 8 na nusu mchana.

Sasa kabla ya yote, futa ile programu ya mazoezi uliyoshusha kwenye simu. Imeandikwa na mtu anayekaa kwenye kiti siku nzima alafu jioni ana hamu ya kunyoosha miguu. Wewe miguu imeshasimama masaa nane. Huku anayepanga ratiba ni jua na shifti, wewe unajipenyeza katikati.

HATUA YA 1: Pindua kalenda kichwani

Desemba mpaka Februari ndiyo kiangazi, na huku ndani mbali na bahari joto linapita 40 bila aibu. Juni mpaka Agosti ni baridi, alfajiri majani yote meupe kwa barafu, ukungu huoni hata nguzo ya umeme iliyo mbele yako. Na matunda yanavunwa Januari mpaka Aprili, yani jua likiwa kali ndipo na ovataimu inapoanza. Mwaka wa kwanza nililazimisha kujifua kwa nguvu Januari, nikitoka shedi saa 9 naingia barabarani, siku ya nne nikatapika pembeni ya uzio nikalala kwenye kivuli cha mti mpaka mzee mmoja wa shamba akasimamisha pikapu akanipa maji. Hakuniuliza hata jina, alinambia tu nenda nyumbani.

Kwaiyo mimi pumzi naijenga wakati wa baridi, Mei mpaka Septemba, na bahati nzuri marathoni ya Melbourne iko Oktoba kwaiyo inakaa sawa. Kiangazi nashikilia tu nisipotee. Kumbuka pia kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba wanasogeza saa mbele, Januari jua linazama karibu saa 3 kasorobo usiku, usidanganyike ukidhani jioni itapoa mapema. Ukitaka ubaridi amka saa 10 na nusu alfajiri. Inauma, ila hakuna njia nyingine.

HATUA YA 2: Tafuta njia zako tatu

Njia ya kwanza ni ziwa la mjini, linaitwa Victoria Park Lake (msicheke watu wa Mwanza, ukizoea Ziwa Victoria la kwetu utasema hili ni bwawa la kufugia perege). Ni tambarare, kuna watu na kuna maji ya kunywa. Ya pili ni njia za mto Goulburn, udongo laini, miti mikubwa, goti linapumzika, ila mto ukijaa zinafungwa, mafuriko ya Oktoba 2022 ziliingia majini kabisa. Ya tatu ni barabara za vumbi za mashambani, hizi ndizo tamu kuliko zote na ndizo zina masharti.

Kule kimbilia upande wa kulia ukitazamana na magari, manake huku wanaendesha kushoto kama Tanzania, na malori ya matunda yakipita upepo wake unakuyumbisha. Kingo za mifereji ya umwagiliaji usizivamie tu kwa kuwa ni nzuri, nyingi siyo za umma, uliza kwanza. Na geti la shamba ambalo umeruhusiwa kupita, ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi. Ukikosea hilo ng'ombe wakatoka, hata ukikimbia kama nani kijiji kizima kitakujua kwa jina baya.

Milima hakuna. Shepparton ni bapa kama chapati. Nikitaka mlima naenda Dookie, kuna Mount Major pale, kama nusu saa kwa gari, mara moja kwa mwezi inatosha kukukumbusha kuwa huna pumzi.

HATUA YA 3: Wiki yenyewe

Jumatatu sifanyi kitu. Jumanne ndiyo siku ya kasi na natumia zoezi moja tu mwaka mzima, la Steve Moneghetti, mkimbiaji wa marathoni wa Ballarat, hukuhuku Victoria, walilitunga yeye na kocha wake Chris Wardlaw mwaka 1983 na mpaka leo Australia nzima wanaliita Mona. Linaenda hivi: pasha misuli dakika 15 taratibu, alafu kimbia kasi sekunde 90 mara mbili, sekunde 60 mara nne, sekunde 30 mara nne, sekunde 15 mara nne, na kila baada ya kasi unapunguza kwa muda uleule uliokimbia. Jumla dakika 20 kamili. Ujanja wake ni kwamba ukipunguza husimami wala hutembei, unaendelea kukimbia, na hapo ndipo wengi wanapofia. Naipenda kwa sababu haihitaji uwanja wala alama za mita, ni saa ya mkononi tu na barabara.

Jumatano na Alhamisi taratibu km 7 au 8, mwendo ambao unaweza kumsimulia mtu habari za nyumbani bila kukata pumzi. Ukishindwa kuongea umekwenda kasi, punguza. Vijana wetu hapa ndipo wanapojiharibu, kila siku wanataka kumshinda mwenzao, baada ya wiki tatu ugoko unauma wanaacha kabisa. Ijumaa napumzika, Jumamosi mbio za pamoja (nakuja hapo chini), Jumapili mbio ndefu km 16 mpaka 18, kanisani naingia nikichechemea.

Wiki ya ovataimu nakata yote nabakiza Mona na mbio ndefu. Basi.

HATUA YA 4: Wanyama

Simba hakuna, fisi hakuna, mtu anaona nchi salama. Subiri Septemba. Kuna ndege wanamuita magpai, mweusi na mweupe, ukimwona kwa mbali unaweza kusema ni kunguru wetu mwenye kola. Akiwa na kiota, kuanzia kama Agosti mpaka Oktoba, dume linakushukia kutoka nyuma kimya kimya linakugonga kisogoni. Mimi nimetokwa damu sikioni. Dawa yake ni kubadili njia wiki kadhaa, au vaa kofia na miwani, na ukiwa eneo lake tembea haraka ukimwangalia, hapendi kutazamwa. Usimrushie jiwe, sheria inamlinda na tena anakumbuka sura za watu.

Kangaruu hana shida na mkimbiaji, shida yake ni ukiwa kwenye gari alfajiri au magharibi unaenda mazoezini, anaruka ghafla barabarani, endesha polepole. Nyoka nitamjibia chini maana najua swali lipo.

Na moto. Siku ambayo wametangaza marufuku ya moto jimbo zima, upepo mkali na joto, usiende porini kukimbia hata kama umeshavaa raba. Weka programu ya VicEmergency kwenye simu inakuonyesha moto uko wapi. Kukiwa na moshi hewani pumzika, mapafu hayana spea.

HATUA YA 5: Jumamosi saa 2 asubuhi

Hii inaitwa parkrun, ilianzia London 2004, Australia ikaingia 2011, na sasa hata miji midogo inayo. Ni km 5, bure, unajiandikisha mara moja kwenye mtandao wanakupa barkodi yako, siku ya mbio wanaiskani ukimaliza na muda wako unatumiwa. Hakuna mshindi wa zawadi. Pale nimejifunza Kiingereza chao kuliko darasani, na meneja wa shedi nilimkuta pale anahema nyuma yangu, kuanzia wiki ile akawa ananisalimia kwa jina.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa kike, Mildura: Kaka mimi mwili mkubwa na sijawahi kukimbia, naogopa kuwa wa mwisho watu wakanicheka. Alafu navaa hijabu.

Dada yangu, kwenye parkrun huwezi kuwa wa mwisho hata ukitaka, kuna mtu wa kujitolea kazi yake ni kutembea nyuma ya kila mtu. Nusu ya watu wanatembea, wengine wanasukuma watoto kwenye vigari, wengine wana mbwa. Hijabu haina shida yoyote, tafuta tu kitambaa chepesi kisichoshika jasho. Anza na kukimbia dakika moja, kutembea mbili.

Mama mmoja, Kigoma: Mwanangu, kijana wangu yuko huko anakimbia porini, nasikia nyoka wa Australia hawana mchezo. Akiumwa afanyeje?

Shikamoo mama. Ni kweli, nyoka wa kahawia wa huku sumu yake ni kali sana, ila akikusikia mara nyingi anakimbia yeye. Kiangazi kijana asipite kwenye nyasi ndefu. Akiumwa, kwanza asimame palepale, asikimbilie gari. Sumu inasafiri chini ya ngozi na misuli ikifanya kazi ndiyo inaisukuma. Achukue bandeji pana ya kuvutika afunge mguu mzima, imebana kama ya mguu ulioteguka, afungie na kijiti mguu usipinde, apige 000, namba ya dharura ya huku, alale asubiri. Asioshe jeraha, asichanje, asinyonye, na ile kamba ya kukaza tunayofunga nyumbani pamoja na jiwe la nyoka aviache kabisa. Mimi bandeji mbili ziko kiunoni kila Jumapili. Pia mwambie aweke programu ya Emergency Plus, inaonyesha alipo ili awatajie wa 000, maana porini huwezi kusema niko karibu na mwembe.

Na jambo ambalo wengi hatulijui mpaka bili ije: Medicare, ile bima ya afya ya serikali, hailipii ambulansi. Hapa Victoria wenye kadi za serikali za msamaha wa gharama (concession card) wanabebwa bure, wengine wote ni bora ulipie uanachama wa ambulansi wa mwaka, ni hela ndogo kabisa ukilinganisha na bili ya safari moja.

Mdau, Dar: Mkuu, watu weusi tunapaka ile krimu ya jua ya nini? Si ya wazungu?

Nilisema hivyohivyo mwaka wa kwanza, pua ikabanduka. Ngozi yetu inajikinga zaidi lakini siyo ukuta, na macho hayana rangi, vaa kofia na miwani. Wakati wa baridi tatizo linageuka, unavaa mpaka shingoni, jua dogo, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D. Mimi mifupa ya miguu iliuma kuanzia Julai, daktari akapima damu akakuta iko chini, akanipa vidonge. Nenda kapime kabla ya kulaumu raba.

Kijana, Kakuma: Bro nina spidi ya mita mia, huko kijijini kuna hela?

Kuna sehemu moja. Inaitwa Stawell Gift, mji mdogo magharibi mwa Victoria, kila Pasaka tangu 1878. Ni mita 120 kwenye nyasi na uwanja unapanda kidogo. Mshindi kapata dola 40,000, wanawake nao sawa tangu 2015. Lakini siyo lazima mwenye kasi kuliko wote ashinde, kila mtu anapewa mita za kuanzia mbele kulingana na uwezo wake, bingwa anaanzia nyuma anawafukuza. Kwaiyo unashiriki kwanza mbio ndogo za ligi miji mingine kiangazi chote, wanakupima. Watu wanaficha kasi yao mwaka mzima kwa ajili ya siku ile, na wakikugundua wanakutoza faini.

Mzee mmoja, Bukavu: Mimi nina miaka 58, nimechelewa?

Shikamoo mzee. Mwaka 1983 kulikuwa na mbio za Sydney mpaka Melbourne, km 875. Akatokea mkulima wa viazi wa Beech Forest, Cliff Young, miaka 61, mazoezi yake alikuwa anaswaga kondoo akiwa amevaa gambuti. Wenzake wakilala yeye anaburuza miguu tu. Akashinda, siku 5 na masaa 15, na zile dola 10,000 za zawadi akagawia wakimbiaji wenzake. Pima presha kwanza mzee wangu, alafu anza kutembea nusu saa kila siku.

Mdau: Hujaongelea msosi.

Ugali, wakuu. Unga wa mahindi unapatikana duka la Waafrika, ukiisha natumia semolina, ladha siyo yenyewe lakini inashika tumbo. Usiku wa kuamkia mbio ndefu ugali na samaki, asubuhi ndizi moja na chai. Nyama ya kangaruu ipo supamaketi, haina mafuta, ila usiipike sana inakuwa kama soli.

Maswali mengine nitajibu Jumapili nikirudi mtoni, kesho mkanda unaniita saa 12.