Ukishuka Bagamoyo, uliza maji kwanza

Sisi wa Mbeya na Tukuyu tumezoea Matema, ambako ukirudi ufukweni saa yoyote maji ya Ziwa Nyasa yapo palepale. Bahari haiko hivyo. Ukishuka Bagamoyo kupumzika wakati huku baridi ya Juni imekolea, siku ya kwanza muulize mvuvi jambo moja tu: leo maji yanajaa saa ngapi? Kisha kila siku ongeza kama dakika 50. Leo yakijaa saa 10 jioni, kesho ni karibu saa 11 kasoro dakika 10. Maji kupwa ni takriban saa sita kabla au baada ya hapo.

Inafanya kazi kwa sababu bahari inafuata mwezi, na mwezi huchelewa kiasi hichohicho kila siku. Ogelea maji yanapokaribia kujaa. Yakipwa, nenda magofu ya Kaole au Ngome Kongwe, maana ufukweni utakuta tope na mchanga mtupu hadi mbali. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua, maji hukimbia mbali zaidi, kwa hiyo watoto msiwaache peke yao kule mbele: yanaporudi, yanarudi upesi.

Hesabu hii hupotea ukiipeleka zaidi ya siku tatu au nne, hasa karibu na maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu. Hapo muulize mvuvi tena.