Dawa za maumivu: soma jina na miligramu kabla ya kumeza

Ukinunua dawa ya maumivu Mbagala au Kariakoo, mara nyingi unakatiwa vidonge vichache na kuwekewa kwenye bahasha iliyoandikwa "2×3". Maana yake ni viwili, kutwa mara tatu, yaani kila baada ya saa nane. Kama jina la dawa halipo, omba liandikwe pamoja na miligramu. Bila hayo, ni rahisi kumeza dawa ileile mara mbili kwa majina mawili ya kibiashara.

Parasetamoli hufanya kazi zaidi kwenye ubongo. Inashusha homa na kutuliza maumivu, ila uvimbe haiugusi sana. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, akae angalau saa nne kabla ya kurudia, na asizidishe vidonge 8 ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, mwenye uzito chini ya kilo 50 na mnywaji wa pombe wa kila siku waulize kwanza, kwani kipimo chao huwa kidogo zaidi. Dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Ukiongezea Panadol, ambayo nayo ni parasetamoli, juu yake, kikomo unakipita bila kujua. Kinachoumia ni ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujisikia mzima kabisa. Aliyezidisha awahi hospitali hata kama haumwi popote: dawa ya kuliokoa ini, asetilisisteini, hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini ni ukoo mmoja. Zinazuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazochochea maumivu na uvimbe. Lakini prostaglandini hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike vizuri kwenye figo. Ndiyo maana mtu anatibu mgongo, anaishia na kidonda cha tumbo. Kula kwanza kunapunguza kichefuchefu, ila kidonda hakukizuii.

Ibuprofeni ya kujinunulia ni miligramu 200 hadi 400, kutwa mara tatu, isizidi 1,200 kwa siku. Usiichanganye na diklofenaki: nafuu haiongezeki sana, madhara ndiyo yanayoongezeka. Parasetamoli unaweza kuitumia pamoja na mojawapo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, pumu au presha, anayeharisha sana, na mjamzito kuanzia wiki ya 20 wasimeze dawa za ukoo huu bila kuongea na daktari.

Kwa Dar kuna jambo moja zaidi: dengue, iliyolipuka 2014 na tena 2019. Inapunguza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hivyo ukimeza dawa za ukoo huu unaongeza hatari ya kutokwa na damu. Ukiwa na homa kali, viungo vinauma na nyuma ya macho panagonga, shika parasetamoli peke yake hadi upimwe. Kipimo cha malaria kusoma hasi hakujaiondoa dengue.

Mtoto hupimiwa kwa uzito: parasetamoli hadi miligramu 15 kwa kilo, isizidi mara nne kwa siku. Tazama chupa, kwani ipo ya miligramu 120 na ya 250 katika mililita 5. Mtoto wa kilo 10 anapata mililita 6 za ile ya kwanza, au 3 tu za ile ya pili. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, siyo kijiko cha chai. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 16, na kichanga cha chini ya miezi mitatu chenye homa kipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.