Kuwaona na kuwatambua nyuki na vipepeo wa bustanini: mwongozo kwa walioko Moshi na Arusha

Ukitoka nje saa 1 asubuhi mwezi wa Julai, wingu limeufunika Meru, ukasimama bustanini dakika mbili, utarudi ndani ukisema hakuna kitu. Wapo, ila hawapatikani kwa kuzungukazunguka. Tafuta kwanza ua lililofunguka, kisha kaa hapo. Anayejua mimea yake inafunguka saa ngapi ataona wadudu wengi kuliko mwenye kamera ya bei mbaya.

Andaa daftari, penseli (wino husambaa daftari likilowa), simu, kigoda na kamba ya mita 2. Funga ncha za kamba pamoja, uivute kwenye vijiti vinne: umepata mraba wa sentimita 50 kwa 50.

Hatua ya 1: Chagua saa

Kipepeo huota jua kabla ya kuruka, kwa hiyo asubuhi ya baridi utamkuta ametandaza mbawa juu ya jiwe au jani, katulia. Huo ndio wakati mzuri wa kumkaribia. Moshi mjini iko chini kuliko Arusha na hupata joto mapema. Saa 3 inatosha. Arusha, miezi ya Juni hadi Agosti, subiri saa 4 au 5, wingu likishapasuka. Upepo ukianza kutikisa majani ya migomba, ahirisha.

Maua nayo yana saa zake. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri, kwa hiyo ukienda saa 8 mchana unaangalia ua lililolala. Pesheni ya zambarau hufunguka asubuhi, ya njano hufunguka karibu na adhuhuri. Mbelewele za mahindi huvutia nyuki asubuhi, chavua ikiwa bado nyingi. Kivumbasi na mrehani havina shida: viache vichanue, usivipogoe, na utapata nyuki karibu kutwa nzima.

Kwa vipepeo, msimu mzuri ni wiki chache baada ya mvua kuanza, masika au vuli, kwa sababu viwavi wanahitaji majani machanga.

Hatua ya 2: Kaa dakika 10

Weka mraba kuzunguka maua yaliyochanua. Kaa umbali wa mita moja na nusu, kivuli chako kiangukie nyuma. Kivuli kikipita juu ya ua, kila kitu kinaruka. Hesabu kila mdudu anayetua na kugusa ua. Wanaopita juu waache.

Kosa la kawaida hapa ni kuhangaika kama nyuki huyu ni yule yule wa mwanzo. Usijisumbue: unahesabu ziara, si vichwa. Akiondoka nje ya mraba na kurudi, ni ziara nyingine. Ukitumia kanuni hiyo kila wiki, kwenye mmea ule ule, namba zako zitalinganishika.

Hatua ya 3: Hakikisha ni nyuki

Wengi wanaoanza huwaita nyuki wadudu ambao ni nzi. Nzi wa maua ana mistari ya njano na nyeusi, lakini ana mbawa mbili tu, macho makubwa yaliyojaa kichwa chote na vipapasio vifupi mno. Huganda hewani bila kusogea, kisha hujitupa pembeni. Hana mwiba, na viwavi wa aina nyingi za nzi hao hula vidukari, kwa hiyo usimfukuze. Nyigu ana kiuno chembamba sana na mwili usio na manyoya ya maana. Nyuki ana manyoya, na mara nyingi utamwona na chavua mwilini.

Mahali anapobeba chavua ndipo pa kuanzia kumtenganisha. Nyuki wa asali huibeba kama vidonge viwili kwenye miguu ya nyuma. Nyuki mkata majani huibeba chini ya tumbo, tumbo likaonekana la njano ukimtazama kwa pembeni. Ukikuta majani ya waridi yamekatwa nusu duara safi ukingoni, kana kwamba kwa mkasi, ni kazi yake, anajengea kiota. Watu hupulizia dawa hapo wakidhani ni kiwavi. Waridi halifi kwa hilo.

Nyuki wadogo wasiouma ni weusi, milimita chache tu, na hudhaniwa kuwa vinzi. Tafuta mlango wao: kijibomba cha nta na utomvu kinachochomoza kwenye ufa wa ukuta au shina la mti mkavu.

Kwenye nyanya, mnavu na bilinganya, tega sikio. Chavua ya maua haya imefungiwa ndani ya mirija yenye kitundu kidogo, na nyuki wa asali hajui kuitoa. Nyuki mwenye mikanda ya buluu tumboni huling'ang'ania ua na kutetemesha misuli ya kifua. Utasikia mlio mkali wa ghafla unaokatika, tofauti na mvumo wa kuruka. Ni mwepesi, hakai ua moja zaidi ya sekunde chache. Kwenye pesheni, mwenye kazi ni yule nyuki mkubwa anayetoboa mbao. Ua la pesheni limeinua sehemu zake za uzazi juu. Nyuki wa asali hupita chini yake akanywa mbochi bila kuzigusa, huyu mkubwa mgongo wake hugusa. Kwa hiyo mwenye pesheni zisizozaa aache gogo kavu mahali, badala ya kuziba kila tundu la upana wa kidole.

Hatua ya 4: Mfuate kipepeo kwenye mmea wa kiwavi

Kipepeo mzima hunywa popote, lakini jike hatagi popote. Anza na mlimao. Kwenye majani machanga tafuta kitu kama kinyesi cha ndege, cheusi chenye doa jeupe: ni kiwavi mchanga. Akikua hugeuka kijani, na ukimgusa hutoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Huyo atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hafifu. Mlimao mkubwa hauumizwi na viwavi watano au sita. Mche wa kitaluni utabaki vijiti, hivyo wahamishie kwa mkono kwenye mti mkubwa.

Kwenye mijohoro na jamii yake angalia vipepeo weupe na wa njano hafifu wanaoruka kwa kasi. Matembele yakitobolewa na viwavi wenye miiba, tegemea vipepeo wadogo wa rangi ya chungwa wanaoruka polepole.

Mtego mmoja unaowakamata hata wazoefu: kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe. Tazama bawa la nyuma. Vidoa vyeusi vitatu au vinne katikati, ndiye mwenyewe, ambaye ndege humwepuka kwa sumu aliyoipata kwenye mimea ya utomvu mweupe akiwa kiwavi. Kidoa kimoja tu, ni jike wa aina nyingine anayemwiga, na hana sumu.

Hatua ya 5: Chambo cha ndizi

Kuna vipepeo wakubwa wenye nguvu, wengi wana mikia miwili kila bawa la nyuma, ambao maua hayawahusu. Ponda ndizi kisukari 4 zilizoiva hadi kuwa nyeusi, ongeza kijiko cha sukari na mbege kidogo kama ipo, funika siku mbili. Weka kwenye sahani, itundike kivulini mita moja na nusu kutoka ardhini. Ukisahau kupaka grisi kwenye kamba, sisimizi watamaliza kila kitu kabla ya saa 6. Wenye ng'ombe wa ndani wana chambo cha bure: tope lenye mkojo nyuma ya banda, ambapo madume hufuata chumvi.

Hatua ya 6: Picha

Nyemelea, usogee ukiwa chini, mkono usipande juu ghafla. Piga kadhaa mfululizo ukiwa mbali, kisha songa. Kipepeo apigwe juu na chini ya mbawa. Nyuki apigwe ubavuni, miguu ionekane. Andika tarehe, saa na mmea. Ukipakia iNaturalist (tovuti na programu ya simu ya kutambua viumbe kwa picha), chagua eneo lifichwe, maana hiyo ni nyumba yako.

Yanayoharibu kazi yote

Dawa ya kuua wadudu ikipulizwa asubuhi kwenye maua yaliyofunguka, hesabu ya wiki hiyo haina maana. Ikibidi, puliza baada ya saa 12:30 jioni. Ya unga ni mbaya zaidi, kwa sababu hunasa kwenye manyoya kama chavua ikapelekwa mpaka kiotani.

Kundi la nyuki wa asali likining'inia tawini au likiingia darini, usihesabu, usirushe jiwe, usimwage mafuta ya taa. Toa watoto na mifugo karibu, mwite mfugaji nyuki. Wakikushambulia, kimbilia ndani na ufunge mlango, kuwapiga kunawaongeza. Mwiba uukwangue mara moja kwa ukucha. Aliyevimba midomo au kubanwa pumzi apelekwe hospitali papo hapo.