SOMO: Sehemu ya vitendo ya mtihani wa uwakili Marekani (MPT), hatua kwa hatua

Wasomi, kila Februari na Julai zikikaribia swali ni lilelile: "MPT naisomaje?" Nimelijibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Naandika mara moja, kwa kirefu, na atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Kwanza uzito wake. Kwenye majimbo yanayotumia UBE, yaani mtihani wa uwakili wa pamoja unaotumiwa na majimbo mengi, MPT ni mbili, kila moja dakika 90, na zote mbili zinabeba asilimia 20 ya alama. Insha sita za MEE, yaani sehemu ya insha ya mtihani huohuo, zinabeba asilimia 30. Piga hesabu: MPT moja ni sawa na insha mbili. Ukiiacha hadi wiki ya mwisho, umeacha alama nyingi mezani.

Unapewa kabrasha lenye sehemu mbili. Faili ina mambo yaliyotokea: mahojiano na mteja, barua, mikataba, ushahidi uliotolewa chini ya kiapo. Maktaba ina sheria: vifungu, kanuni, hukumu. Jimbo ni la kubuni, linaitwa Franklin. Hakuna sheria ya kukariri. Unapimwa kama unaweza kufanya kazi uliyotumwa, kwa karatasi ulizopewa, kwa muda uliopewa.

Hatua ya 1. Soma memo ya maelekezo iliyo mwanzoni mwa Faili. Isome mara mbili. Ndiyo inayosema unaandika nini: memo isiyoegemea upande, hoja za kuishawishi mahakama, barua kwa mteja, barua ya madai, hata hoja za majumuisho. Pigia mstari kila katazo. Ikisema "usiandike maelezo ya ukweli wa kesi katika sehemu yake peke yake", ukurasa mzima utakaoandika wa maelezo hayo haukupi kitu. Ikisema suala la fidia linashughulikiwa na wakili mwingine, usiguse fidia. Kama kuna karatasi ya pili yenye mwongozo wa ofisi kuhusu muundo, ifuate neno kwa neno.

Hatua ya 2. Nenda Maktaba kabla ya Faili. Sheria ndiyo itakayokuonyesha ukweli upi una maana. Kwa kila hukumu andika vitu vinne tu: mahakama, mwaka, kanuni, na ukweli ulioamua kesi. Usiruke tanbihi.

Hatua ya 3. Soma Faili ukiwa na kanuni mkononi.

Hatua ya 4. Andika vichwa vya jibu lako, na chini ya kila kichwa weka kanuni na ukweli utakaoutumia. Dakika saba zinatosha.

Hatua ya 5. Acha kusoma, anza kuandika. Hapa ndipo watu wazuri wanapoangukia, nami nilishaangukia hapa, kwa hiyo soma taratibu. MPT zote mbili zinatolewa kwenye kipindi kimoja cha saa tatu. Hakuna msimamizi atakayekuambia dakika 90 zimeisha, hamia ya pili. Mtu anasoma kwa dakika 60 akitafuta uhakika, anaandika kwa 55, anaridhika na kazi yake, kisha anaangalia saa: ya pili imebakiwa na dakika 65. Jibu la kwanza likiwa zuri sana haliwezi kulipia la pili lililokatika katikati. Mgawanyo wangu ni huu: maelekezo dakika 5, Maktaba 18, Faili 15, mpangilio 7, kuandika 42, kupitia 3. Ikifika dakika ya 45 hujamaliza kusoma, andika hivyo hivyo. Utarudi kwenye karatasi ukiwa na swali mahususi, na kurudi kwa namna hiyo ni kwa haraka zaidi. Ikifika dakika ya 90, hata kama sentensi haijaisha, hamia ya pili. TAHADHARI: usianze na utangulizi mrefu, na usinakili kifungu kizima. Nukuu maneno yale tu ambayo mgogoro umekalia.

Hatua ya 6. Kwenye hoja za kushawishi, kichwa kiwe sentensi yenye sheria na ukweli. "Mahakama ina mamlaka" hakitoshi. "Mahakama ina mamlaka juu ya mdaiwa kwa sababu alisaini mkataba Franklin na kupokea malipo matatu humo" ndicho kichwa.

Hatua ya 7. Mazoezi: nane hadi kumi kamili, kwa saa. Tovuti ya NCBE, chombo kinachoandaa MPT, ina mitihani ya nyuma ya bure pamoja na mwongozo wa wasahihishaji. Kuisoma tu bila kuandika hakukusaidii.

MASWALI

Mtahiniwa_Julai: Mkuu, naomba orodha ya sheria za kukariri kwa MPT.

Jibu: Rudi juu, aya ya tatu.

Mtahiniwa_Julai: Nimeona, ila nina haraka. Muda naugawaje?

Jibu: Hatua ya 5. Kama somo hili huna muda wa kulisoma lote, Faili utaisomaje?

Binti_Hoja: Shikamoo kaka. Nilisoma sheria nyumbani Afrika Mashariki, sijui sana sheria za Marekani. MPT si itanimaliza?

Jibu: Marahaba dada. Ni kinyume chake, hii ndiyo sehemu inayokufaa. Sheria yote umeshawekewa, na hukumu zinasomwa kwa njia ileile uliyofundishwa: kanuni, ukweli, mahakama gani inaifunga ipi. Angalizo moja: ukikuta kesi inafanana na unayoijua, isome kama mpya, maana huenda imebadilishwa kwa ajili ya mtihani.

Kalamu_Nyeusi: Nikikuta hukumu mbili zinapingana nifanyeje?

Jibu: Swali zuri sana, msomi. Anza na mahakama: Mahakama ya Juu ya Franklin inafunga, hukumu ya Olympia, ambalo ni jimbo jingine la kubuni, inashawishi tu. Kisha miaka: hukumu ya 1998 inaweza kuwa inatafsiri kifungu kilichorekebishwa 2005, na kumbe marekebisho yako ukurasa unaofuata. Vyote vikiwa sawa, basi mara nyingi hazipingani, zimetofautiana ukweli. Chukua mfano wa mbwa. Kesi ya kwanza mwenye mbwa aliwajibika kwa kuwa alijua mbwa wake huwa anawarukia watoto. Ya pili hakuwajibika, mbwa alikuwa akibweka tu nyuma ya uzio. Faili yako inasema mbwa aliwahi kumchania suruali mleta barua, na mwenyewe anadai alikuwa anacheza. Mteja wako yuko katikati. Sema yuko karibu na kesi ipi, kwa ukweli upi, na ukweli unaokuumiza uutaje na kuujibu. Kuuficha kunaonekana.

Nje_ya_Box: Sikubaliani na Maktaba kwanza. Mimi naanza na Faili na nafaulu mazoezi.

Jibu: Kama unamaliza ndani ya dakika 90, endelea. Wengi wakianza na Faili wanaisoma mara mbili, ndiyo maana nashauri hivyo.

Wakili_Mtarajiwa: Marejeo ya kesi ni lazima yawe kamili?

Jibu: Hapana. Maelekezo yenyewe yanaruhusu kufupisha jina la kesi na kuacha namba za kurasa.

Pwani_Esq: California je?

Jibu: Wao hawatumii UBE. Wana mtihani wa vitendo mmoja wa dakika 90, na hatua ni hizihizi. Pia hakikisha jimbo lako linatoa nini: kuanzia Julai 2026 baadhi wanahamia mtihani mpya wa NextGen.

Kalamu_Nyeusi: Nyongeza kwa tuliosomea nyumbani: tarehe! Kwenye Faili 3/7 ni Machi 7, si tarehe 3 Julai. Nilikuwa nahesabu ukomo wa muda wa kufungua kesi, nikapata miezi minne isiyokuwepo.

Jibu: Asante sana kwa hili, nilipaswa kuliweka hatua ya 3. Ukisoma Faili, kila tarehe iandike pembeni kwa jina la mwezi, kisha zipange kwa mfuatano kabla hujahesabu chochote.