Mambo ya Kuandaa Kabla ya Kuanzisha Tiba ya Sanaa Chuoni

Anayetaka kuendesha vikao vya tiba ya sanaa kwa wanafunzi wa chuo kikuu asianze na bajeti ya rangi. Aanze na swali hili: mwanafunzi akichora kitu kikamtonesha donda, akatoka ukumbini saa kumi na mbili jioni macho mekundu, nani atakuwa naye usiku ule? Kama jibu ni "ataongea na wenzake hosteli", vikao visubiri. Awepo mnasihi aliyekubali kupokea wanafunzi hao, zamu yake ijulikane, na msimamizi wa hosteli awe na namba ya mnasihi huyo.

Nalisisitiza hili kwa sababu sanaa inayogusa kweli mara nyingi huumiza kwanza. Mwaka 1986 huko Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa chuo. Wanafunzi hao waliandika dakika 15 kwa siku 4 mfululizo, wengine kuhusu jambo lililowaumiza sana maishani, wengine kuhusu mambo ya kawaida tu. Walioandika maumivu yao waliinuka wakiwa na huzuni kuliko wenzao. Lakini katika miezi iliyofuata, waliosimulia tukio pamoja na hisia zao walikwenda kutibiwa kwenye kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi. Basi huzuni ya siku ya kwanza itarajiwe na wanafunzi waambiwe mapema. Kikao kisipangwe Ijumaa jioni, ofisi ya unasihi ikifungwa hadi Jumatatu.

Kalenda ya masomo nayo iangaliwe. Wiki ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, haifai kabisa, na matokeo yakitoka kuna wanaohesabu sapu (mitihani ya kurudia) na wanaoogopa kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Hao wanahitaji mtu wa kuwasikiliza kabla ya kupewa kalamu ya rangi. Wiki za mwanzo wa muhula ndizo nzuri, kwa kuwa ustahimilivu hujengwa kabla ya kishindo. Boom, yaani fedha za mkopo za kujikimu, likichelewa, watu wanakuja na njaa. Chai na maandazi viwe kwenye bajeti bila aibu.

Mwezeshaji ni nani? Mchoraji hodari au mwalimu wa ngoma anaweza kuongoza sanaa ya kutuliza moyo, lakini tiba yenyewe inataka mtu aliyesomea saikolojia au unasihi. Wawili hao wakishirikiana, kazi inakwenda vizuri. Tangazo liseme wazi ni kipi kinachotolewa, maana mwenye sonona kali akiahidiwa tiba akapewa burudani, huenda asirudi tena kutafuta msaada.

Vifaa havinisumbui sana. Manila, kreyoni, udongo wa kufinyangia, magazeti ya zamani, gundi na ngoma moja vinatosha. Kipaji nacho si sharti: katika utafiti wa Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, uliochapishwa 2016, dakika 45 za kutengeneza sanaa zilipunguza kortisoli, homoni ya msongo, kwa takribani robo tatu ya washiriki, wazoefu na wasio wazoefu.

Zoezi ninalolipenda kwa kuanzia ni la kanga. Kila mmoja anapewa karatasi ndefu, anachora pindo, anajaza mji (sehemu ya katikati), kisha anaandika jina la kanga yake, yaani lile neno ambalo angependa mtu fulani alisome bila yeye kulitamka. Wengi hujaza pindo haraka, wakifika kwenye jina mkono unasimama. Mwezeshaji asiwahimize; akae kimya na wao. Atakayeacha nafasi ile wazi asiulizwe kwa nini. Na kwa kuwa wapo ambao imani yao haiwaruhusu kucheza ngoma au kuchora viumbe, pawe na njia nyingine tangu mwanzo, wasilazimike kujieleza mbele ya watu.

Siri ipangwe kwa maandishi. Simu ziwekwe kando, picha zisipigwe, na kazi ya mwanafunzi ni mali yake: anaweza kuibeba, kuichana au kuiacha kabatini chini ya ufunguo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019. Taarifa za afya ya mtu zinahitaji ridhaa. Wakubwa wa chuo wakiomba maonyesho siku ya mahafali, wakataliwe kwa heshima. Alama za kozi zisihusishwe kamwe. Washiriki waelezwe pia kwamba siri ina mpaka: mtu akiwa hatarini kujidhuru, mnasihi ataambiwa.

La mwisho ni zito. Mwanafunzi akichora mhadhiri anayemtaka kimapenzi ili afaulu, asipewe karatasi nyingine akafundishwe kustahimili. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya Tanzania ya 2007. Mwezeshaji awe anajua mapema dawati la jinsia la chuo liko wapi na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inapokelea wapi taarifa, na awe tayari kumsindikiza akiridhia kwenda.